IWAKI: MUJI WA MAKAA YA MAWE NA EKIPI YAKE YA MUPIRA

Baba na mama wasomaji, na ninyi vijana munaoanza kusoma gazeti kwa ukurasa wa mupira, leo tunakwenda mbali. Tunakwenda Japani. Lakini musiogope, hatuendi kwenye majumba marefu na taa za Tokyo. Tunakwenda mahali ambapo mutu wa Kipushi, wa Kolwezi ao wa Likasi atajisikia kama nyumbani, ni kusema kwenye muji wa mugodi.

Katika Tokyo, kwenye stesheni ya Ueno, mutu anapanda treni ya haraka inayoitwa Hitachi. Anaelekea kaskazini, bahari kubwa ikiwa upande wa kuume, na kisha masaa mawili na kidogo anafika Iwaki, safari ya kilometa 200 hivi. Reli hii yenyewe ni mutoto wa mugodi. Ilifika pale mwaka wa 1897, kusudi makaa ya mawe yapate njia ya kwenda Tokyo.

Mbele ya kufika, treni inapita katika muji wa Hitachi, na hapa tusimame kidogo. Wazee wa Musoshi na Kasumbalesa wanakumbuka Wajapani. Kompanyi ya Nippon Mining ndiyo iliyoongoza Wajapani waliofungua mugodi wa Musoshi. Shaba ilianza kutoka mwaka wa 1972, na wao wakaondoka mwaka wa 1983. Basi, kompanyi ile ilikomaa katika mugodi wa shaba wa Hitachi, muji huu tunaoupita. Na ile kompanyi ingine inayoandika jina Hitachi kwenye mashini za kuchimba, zile munaona katika karieri zetu, ilianza mwaka wa 1910 kama kiwanda kidogo cha kutengeneza mashini za mugodi uleule. Mugodi wa Hitachi ulifungwa mwaka wa 1981. Jina limezunguka dunia nzima, na shimo limebaki kimya.

Sasa tuendelee mpaka Yumoto, stesheni mbili mbele ya Iwaki. Mutu wa Kiswahili akisikia jina hilo anasikia "moto" ndani yake, na hakosei sana, hata kama ni kwa bahati tu. Kwa Kijapani "yu" ni maji ya moto, na "moto" ni asili. Yumoto ni asili ya maji ya moto. Tangu zamani watu walikwenda pale kuoga maji yanayotoka chini ya udongo yakichemka.

Katika miaka ya 1850 watu walipata makaa ya mawe katika milima ya pale. Si makala ya miti tunayopikia hapa kwetu, ni makaa meusi ya chini ya udongo, sawa yale ya Luena. Karibu na Tokyo hakukuwa mahali pengine penye makaa mengi namna ile. Viwanda vilikuwa na njaa ya makaa, na Iwaki ikavilisha. Mwaka wa 1944 kompanyi mbili kubwa za pale ziliungana na kuitwa Joban Tanko, maana yake Makaa ya Joban.

Lakini mugodi ule ulikuwa na adui, na adui ni yale maji ya moto yenyewe. Kila waliposhuka chini zaidi, maji yalitoka kwa nguvu. Wazee wa pale wanasema kwamba kwa kutoa tani 1 ya makaa walipashwa kutoa tani 40 za maji ya moto. Mukisoma hivyo, musipite haraka. Tani 40! Pampu zilitumika muchana na usiku. Ndani ya shimo joto lilikuwa kubwa hata watu walichimba karibu uchi, wakijimwagia maji ya baridi ili wasianguke. Wake zao na watoto waliishi katika nyumba za kompanyi zilizopangwa mustari kwa mustari, na usemi wao ulikuwa huu: mulima mumoja, familia moja. Mutu akikwama chini, wote wanashuka. Kompanyi nayo ilikuwa kama baba, yenye kutoa nyumba, hospitali na mushahara. Familia za mugodi munajua jambo hilo bila kufundishwa, na munajua pia sehemu ya pili ya hadisi.

Kisha vita, petroli ikaingia. Petroli ya inchi za inje ilikuja kwa mashua kubwa, kwa bei ya chini, na katika miaka ya 1950 na 1960 mugodi mumoja kisha mwengine ulianza kufungwa katika Japani nzima. Joban Tanko ilianza kuondoa watu. Sendika zilipigana, vijana wakapanda treni ileile ya makaa kwenda kutafuta kazi Tokyo.

Hapo akatokea mukubwa mumoja wa kompanyi, Nakamura Yutaka, na wazo ambalo wengi walilicheka. Alisema: tumetupa maji ya moto miaka yote hii, kwa nini tusiyauze? Wakati ule Mujapani wa kawaida aliota kwenda Hawaii, lakini hakuwa na pesa ya ndege, na tena mpaka mwaka wa 1964 serkali haikuruhusu watu kusafiri inje kwa kutembea tu. Basi Nakamura akasema, tujenge Hawaii yetu hapa, katika inchi ya baridi na teluji, ndani ya nyumba kubwa yenye kupashwa joto na maji ya mugodi. Kutakuwa pisini, mitende, na wasichana wenye kucheza ngoma ya Hawaii. Na wasichana hao wasitoke Tokyo. Wawe watoto wa watu wa mugodi.

Muzazi atawaza namna gani baba wa pale walivyopokea maneno hayo. Mutu amechimba makaa miaka 30, ameondolewa kazi, na sasa anaambiwa binti yake akacheze mbele ya wageni akivaa majani kiunoni! Kelele ilikuwa kubwa, na mimi siwezi kuwalaumu wazazi wale. Hata hivyo mwaka wa 1965 shule ya ngoma ikafunguliwa na wasichana 18. Mwalimu wao aliitwa Kaleinani Hayakawa, mwanamuke wa Japani aliyejifunza ngoma ile Hawaii. Tarehe 15 Januari 1966 milango ikafunguliwa, na katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya milioni moja walikuja. Mugodi mukubwa ulifungwa mwaka wa 1971, na ule wa mwisho mwaka wa 1976, lakini kompanyi haikufa, kwa sababu ilikuwa imeanza kutembea kwa muguu mwengine mbele ya muguu wa kwanza kukatwa. Filme moja iliyotoka mwaka wa 2006, Hula Girls, ilionyesha habari hiyo na kupata zawadi kubwa ya filme za Japani.

Mutaniuliza: mupira uko wapi? Unakuja. Ninyi vijana munajua kuruka kurasa, lakini bila makaa hamutaelewa mupira huu.

Katika Japani mupira ulikaa muda mrefu mikononi mwa kompanyi. Shampiona ya kwanza ya inchi nzima ilianza mwaka wa 1965 na ekipi 8, na majina yao yalikuwa majina ya viwanda: Mitsubishi, Hitachi, Yanmar, chuma cha Yawata, na Furukawa, ambao utajiri wao ulianza katika mugodi wa shaba wa Ashio. Muchezaji alikuwa mutumikaji. Asubuhi yuko kazini, magaribi yuko uwanjani. Sisi watu wa Lubumbashi hatushangai. Ekipi ambayo leo ni Mazembe ilibeba miaka mingi jina la Englebert, kompanyi ya mipira ya magari. Lakini mwaka wa 1993 Japani ilianzisha J-League ya wachezaji wenye kulipwa, na ikaweka kanuni kwamba ekipi ivae jina la muji ao jimbo lake, si jina la kompanyi tu. Tangu hapo kila kona ya inchi ikaota kuwa na ekipi yake. Iwaki ilikuwa na watu zaidi ya laki tatu, ilikuwa na bahari, na samaki, na maji ya moto, lakini katika J-League haikuwa na kitu.

Tarehe 11 Machi 2011, saa tisa kasoro kidogo ya muchana, tetemeko kubwa la inchi likapiga, na kisha bahari ikapanda. Kwenye vijiji vya pwani vya Iwaki, Usuiso na Toyoma, nyumba zilibebwa kama viberiti. Katika muji huo peke yake watu zaidi ya 300 walikufa. Kilometa 40 na zaidi kaskazini, santrali ya umeme ya nyuklia ya Fukushima Daiichi ikaharibika na sumu ikatoka. Miji ya wilaya ya Futaba ikahamishwa yote, na watu zaidi ya elfu ishirini wakaja kukaa Iwaki kama wakimbizi katika inchi yao wenyewe. Mwezi mumoja kisha, tarehe 11 Aprili, tetemeko lingine likavunja nyumba ya Hawaii. Wasichana wa ngoma, wengine wao wakiwa wamepoteza nyumba zao, wakapanda bisi na kuzunguka Japani jimbo kwa jimbo wakicheza, sawa dada zao wa kwanza walivyozunguka mwaka wa 1965 kutangaza mahali pasipojulikana. Nyumba ilifunguliwa kipande tarehe 1 Oktoba 2011, na yote mwezi wa Februari 2012.

Ekipi ya Iwaki FC ilianzishwa mwaka ule wa 2012, ndogo kabisa, bila sauti. Mwisho wa mwaka wa 2015 kompanyi moja ya Tokyo ikaichukua mukononi. Kompanyi hiyo, Dome, ilikuwa ikiuza katika Japani nguo za michezo za Under Armour. Mwenye kuianzisha, Yasuda Shuichi, alitaka kuleta kazi mahali palipoumia, kwa hiyo akajenga depo kubwa ya nguo Iwaki. Pembeni ya depo akaweka ekipi. Aliita Okura Satoshi, muchezaji wa zamani aliyekuwa ameongoza ekipi ya Shonan Bellmare, ili awe prezida.

Sasa tazama ngazi waliyopashwa kupanda. Mwaka wa 2016 Iwaki FC ilikuwa katika divizio ya pili ya jimbo la Fukushima, ngazi ya 8 ya mupira wa Japani. Kule chini wanacheza walimu, makarani na watu wa posta siku ya mapumziko. Mwalimu wa ekipi mwaka ule alikuwa Muholanzi, Pieter Huistra, ambaye wakati wa ujana wake alicheza katika Hiroshima. (Ni Hiroshima ileile iliyotufunga: Desemba 2015, katika Osaka, Sanfrecce Hiroshima 3, Mazembe 0. Tuendelee.)

Maisha ya wachezaji yalikuwa hivi: asubuhi mazoezi, kisha chakula walichopangiwa, na muchana kazi katika depo. Wanabeba makaratoni, wanahesabu nguo, wanatia mizigo katika kamyo. Wengi walikuwa vijana waliomaliza chuo kikuu na kukosa ekipi kubwa ya kuwachukua. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya namna ingine. Viongozi walisema Mujapani anashindwa inje ya inchi kwa sababu ya mwili, basi sisi tutajenga mwili kwanza. Wakawatia vijana katika sale ya vyuma siku nyingi za juma, wakabeba uzito kama watu wa kunyanyua mizigo. Neno la ekipi lilikuwa: dakika 90 bila kusimama na bila kuanguka. Wapenzi wa mupira wa kupasiana kwa utaratibu walitikisa kichwa. Waliona ni mupira wa ngombe dume.

Mwaka wa 2017 walikuwa wamepanda ngazi moja tu, wakiwa katika ya 7. Lakini Japani iko na Kombe la Mufalme, lililoanza mwaka wa 1921, ambamo ekipi ndogo ikipita kwenye michujo ya jimbo lake inaweza kukutana na kubwa. Iwaki ikapita, na tarehe 21 Juni ikapangwa na Consadole Sapporo, ekipi ya J1, huko Hokkaido. Kati yao kulikuwa ngazi sita. Sapporo walikuwa watu wa kulipwa. Iwaki walikuwa watu wa depo. Dakika 90 zikaisha 2 kwa 2. Wakaongeza dakika 30, na hapo vile vyuma vya asubuhi vikajibu. Watu wa Sapporo walichoka na wale wa depo waliendelea kukimbia. Wakafunga tatu zingine. Iwaki 5, Sapporo 2. Kesho yake Wajapani wengi walitafuta kwenye karte mahali Iwaki iko. Katika mechi iliyofuata ekipi ya J1 ya Shimizu iliwafunga 2 kwa 0, nyumbani kwao, na kwa kweli hakuna aliyelia sana.

Kisha hapo ilikuwa kupanda tu. Mwalimu alikuwa Tamura Yuzo, tangu 2017 mpaka 2021. Mwaka wa 2018 walicheza divizio ya pili ya Tohoku, mwaka wa 2019 ya kwanza, na mwisho wa mwaka ule wakashinda mashindano makali ya ekipi za majimbo yote, yenye kufungua mulango wa shampiona ya inchi, JFL. Mwaka wa 2020 walipumua kidogo, wakawa wa 7. Mwaka wa 2021 wakachukua kikombe cha JFL. Mwaka wa 2022 waliingia J3, na katika mwaka wa kwanza wakawa wa kwanza, chini ya mwalimu Suguri Hiromasa. Mwaka wa 2023 wakawa katika J2. Kutoka ngazi ya 8 mpaka ya 2 katika miaka 7, bila kuruka hata moja! Juu kule upepo ulikuwa mukali: walimaliza wa 18 kati ya ekipi 22, na mwalimu Tamura akarudishwa katikati ya musimu. Mwaka wa 2024 wakawa wa 9.

Pesa ya kompanyi ilisaidia, tusidanganyane. Ekipi za depo hazina kwa kawaida sale ya vyuma namna ile, wala uwanja wa mazoezi wenye nyumba ya ghorofa pembeni. Nyumba hiyo inaitwa Iwaki FC Park na ilifunguliwa mwaka wa 2017. Ndani yake kuko maduka na mahali pa kula, na mama mwenye kununua kitu chake anaweza kuona wachezaji wakijifunza inje ya dirisha. Kwangu jambo hilo ni kubwa kuliko vikombe vingine, kwa sababu mutoto anayemuona muchezaji akitoka jasho Jumanne anamujua kama jirani yake. Lakini jumba zuri na pesa ziko kwa wengi ambao hawapandi.

Tena kuko jambo la miji ya Futaba. J-League inaomba kila ekipi itaje miji yake ya nyumbani. Iwaki FC ilitaja Iwaki pamoja na miji na vijiji vyote 8 vya wilaya ya Futaba. Fikirini maana yake. Muji wa Futaba wenyewe, uliobeba jina la wilaya, haukuruhusiwa kukaliwa tena na watu mpaka mwisho wa Agosti 2022. Ekipi ilikuwa na muji wa nyumbani usiokuwa na mutu nyumbani. Wasuporta wa Futaba walikuwa wametawanyika Iwaki, Tokyo na kwingineko, na siku ya mechi walikaa pamoja.

Katika wilaya hiyo kuko J-Village, shule kubwa ya mupira ya ekipi ya taifa, iliyofunguliwa mwaka wa 1997 kwa pesa ya kompanyi ya umeme, ileile yenye santrali. Kisha hasara ya 2011, uwanja wa mupira ukawa kambi. Watu wenye kwenda kuzima moto wa santrali walivaa pale nguo zao za kujilinda, elikopta zilitua kwenye majani, na nyumba za kulala za watumikaji zikajengwa katikati ya stadi. Majani yalirudi pole pole, na mahali pote pakafunguliwa tena mwezi wa Aprili 2019. Iwaki FC ilicheza pale mechi zake kadhaa za nyumbani. Kulikuwa wazee walioona uwanja huo ukijaa magari ya kazi na sasa wakaona vijana wakikimbia bila kusimama.

Stadi ya Iwaki yenyewe iko Yumoto, ndani ya pori lililofanywa bustani. Ni ndogo, inapokea watu elfu tano hivi, na kwa ekipi yenye kutaka kupanda ni kidogo. Maneno ya stadi mupya hayaishi. Kisha ekipi kupanda J2, stadi hiyo ikapewa jina la Hawaiians. Ni jina la biashara ya Joban Kosan, na Joban Kosan ni Joban Tanko ya zamani, kompanyi ya makaa, iliyobadilisha jina. Ni hivi muzee aliyechimba katika joto la shimo, kama angali hai, alipata kuona jina la kompanyi yake ya ujana juu ya mulango wa uwanja wa wajukuu wake, lakini limevaa mauwa ya Hawaii shingoni.

Kwa vijana wenye kupenda masomo niongeze hii. Mwaka wa 1968, katika mto mumoja wa Iwaki, mwanafunzi wa shule ya sekondari alipata mifupa ya munyama munene wa bahari wa zamani sana, mwenye shingo ndefu. Alikuwa akitafuta mawe ya kale peke yake, bila kutumwa na mwalimu. Wakamuita munyama yule Futabasaurus suzukii, na jina la mwanafunzi, Suzuki, limekaa ndani.

Mufano wa mifupa yake mutauona katika nyumba ya kumbukumbu ya makaa na mawe ya kale, hapohapo Yumoto, iliyofunguliwa mwaka wa 1984. Kuko asansere ndani. Mutu anaingia, mulango unafungwa, kila kitu kinatetemeka, na namba zinaonyesha kwamba anashuka mita mia kadhaa chini ya udongo. Kumbe hashuki hata kidogo, ni muchezo tu wa taa na kelele. Lakini mulango ukifunguka, anakuta njia ya mugodi yenye giza, na sanamu za wanaume wakichimba, na za wanamuke pia, kwa sababu katika siku za kwanza mume na mke walishuka pamoja, mume akichimba na mke akivuta.